Farasi wa Kichwa cha Samawati

Jana usiku, mtoto amelala, umeme haujakatika,
nimeipata kwenye simu. Ile ya tarishi
aliyepeleka barua kwa farasi katika nchi ya theluji.
Miaka thelathini na mmoja.
Nikavaa visikizio, nikageukia ukuta
kama mtu anayefanya jambo la aibu.

Farasi ni wa kahawia.
Hilo la kwanza.
Mimi nilimjua mwenye kichwa cha samawati,
tumbo la waridi, miguu ya kijani,
kwa kuwa Bwana Oboth, karani wa kiwanda cha saruji,
alibandika juu ya kioo ile nailoni ya rangi tatu
iliyouzwa sokoni Tororo
kwa wasiomudu televisheni ya rangi.
Mbingu daima juu, majani daima chini,
hata watu walipokuwa jikoni.

Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji.
Viatu mlangoni, watoto mkekani,
betri ya lori chini ya meza,
na mtu mmoja nje, zamu kwa zamu,
ameshika antena iliyofungwa kifuniko cha sufuria,
akiuliza, "Sasa? Na sasa?"

Dada yangu Nyafwono, wa kidato cha pili,
alisimama kando ya kioo na ufagio mkononi
kwa sababu yeye ndiye aliyejua Kiingereza.
"Anasema, barua hii imetoka kwa mama yako.
Anasema, mama yako hajapotea.
Yuko Soroti, barabara ikitulia atarudi."
Tukashusha pumzi, wote kumi na wanne.

Jambo la pili ni sauti.
Tarishi wa kwenye simu anaongea kwa sauti nyembamba,
kama mtu wa benki anayekunyima mkopo.
Wangu alikuwa na sauti nzito kidogo, ya mafua.
Na mwanamke wa langoni hapokei barua yoyote.
Anadai deni la shayiri.
Wanagombana, tarishi anapanda farasi, basi.
Nikarudisha nyuma. Shayiri.
Nikarudisha tena.

Saa tano usiku nikampigia Nyafwono, Busia.
Bado yuko kwenye cherehani, sare za shule,
muhula unafunguliwa Jumatatu.
Nikamwambia, ulitudanganya, hakuna mama mle.
Akacheka hadi cherehani ikasimama.
"Sauti gani uliyoisikia wewe?
Spika ya Oboth iliungua kwa radi, Pasaka ile.
Nilikuwa nasoma midomo.
Hata midomo sikuijua kusoma."

Kwa hiyo mafua yale yalikuwa yake.
Vumbi la saruji, kila kiangazi, puani mwake.
Kwato za farasi: ulimi wake.
Mlango wa mbao kulia: yeye, au ufagio.

Nikauliza, na Soroti?
Akanyamaza.
Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.
"Mimi pia hawakuniambia alikokwenda mama.
Soroti nililisoma kwenye ubavu wa basi."

Mama alirudi mwezi wa Agosti, amekonda,
na nusu gunia la karanga, na hakusimulia.
Alikuwa wapi, hatujui mpaka leo.
Lakini sisi mkekani hatukushangaa kumwona.
Tulikuwa tumeshaarifiwa.

Nikavua visikizio. Nikazima sauti ya filamu,
simu nikaiegemeza kwenye kikombe,
dada kwenye spika, chini kabisa, mtoto asiamke.
Tarishi anashuka mbele ya lango.
Theluji inamwangukia mabegani, na mimi, nisamehe,
naona saruji.
"Amefika langoni," nikasema. "Anafungua mdomo."
"Mwanamke ametoka?"
"Ametoka."
Akakohoa, akapenga kamasi.
"Anasema…
ngoja kwanza. Farasi apewe maji."